Kunakili na Kuhamisha Nuru: Mafunzo kwa Walimu kutoka Vitabu vya Kale vya Unajimu wa Maswali

1. Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi ni mfasiri, apende asipende. Anaposimama mbele ya darasa na kutamka maneno kama sifuri, dakika, mandhari au saratani, huwa amechukua neno lililopita katika lugha mbili tatu kabla ya kumfikia yeye, naye analikabidhi kwa mtoto anayelisikia kwa mara ya kwanza. Neno likifika pamoja na maana yake, mtoto amefundishwa. Likifika bila maana, mtoto atalikariri, ataliandika katika karatasi ya mtihani, na pengine atapata alama. Lakini siku atakapotakiwa kulitumia katika jambo jipya atashindwa, nasi tutasema kuwa ni mzito wa kuelewa, ilhali kosa halikuwa lake.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu mwanafunzi aitambue hatari hiyo na ajue namna ya kuikinga. Mfano tutakaoutumia umetoka mbali na shule zetu. Ni kazi ya watu waliotafsiri vitabu vya unajimu wa maswali kutoka Kiarabu hadi Kilatini katika karne ya 12 na ya 13, pamoja na wale waliovitafsiri upya katika zama zetu. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu tatu:

(a) Istilahi za Kiarabu za vitabu hivyo zina jamaa zake wengi katika Kiswahili. Kwa hiyo msomaji wetu anaweza kuona kwa macho yake mahali ambapo neno na maana hupotezana njiani.

(b) Maandiko ya Kiarabu na tafsiri za Kilatini yamehifadhiwa kwa kiasi kikubwa, na yanaweza kulinganishwa.

(c) Elimu iliyomo katika vitabu hivyo siyo elimu tunayoikubali leo. Hivyo vinatufundisha jambo gumu katika kazi ya ualimu, nalo ni kueleza kwa uaminifu wazo ambalo sisi wenyewe hatuliamini.

2. Unajimu wa maswali ni nini?

Wanajimu wa kale waligawa kazi yao katika matawi. Tawi moja lilihusu kuzaliwa kwa mtu, jingine lilihusu mambo ya falme na mataifa, jingine lilihusu kuchagua saa njema ya kuanza safari, ndoa au ujenzi. Tawi tunalolishughulikia hapa Waarabu waliliita masa'il, na Walatini wakaliita interrogationes, yaani maswali.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mtu alimwendea mnajimu na swali moja: Je, msafiri wangu atarudi? Kitu changu kilichopotea kiko wapi? Je, nitampata mchumba huyu? Mnajimu aliitazama saa ile ile ambayo swali liliulizwa, akakokotoa mahali pa jua, mwezi na sayari tano zilizojulikana wakati huo, yaani Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kisha alichora mchoro wa anga na kuugawa katika sehemu 12 zilizoitwa nyumba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya muulizaji mwenyewe, ya pili ilikuwa ya mali yake, ya saba ilikuwa ya ndoa na ya washindani, na kadhalika. Kila nyumba ilikuwa na sayari iliyohesabiwa kuwa bwana wake. Mnajimu alitazama iwapo sayari ya muulizaji na sayari ya kitu kilichoulizwa zilikuwa zinakaribiana au zinaachana, na kwa hayo akatoa hukumu.

Yafaa tuseme mapema kwamba hakuna ushahidi wowote wa kisayansi kuwa njia hii huonyesha mambo yajayo. Tutalirudia jambo hili katika sehemu ya 7. Kwa sasa tunavitazama vitabu hivi kwa jicho la mfasiri.

3. Safari ya vitabu

Katika karne ya 1, Dorotheus wa Sidon aliandika kwa Kigiriki, tena kwa mashairi, kitabu cha unajimu ambacho sehemu yake ya tano ilihusu kuanza mambo na kuulizia mambo. Kitabu hicho kilitafsiriwa katika Kiajemi cha zamani, na mnamo mwaka 800 'Umar al-Tabari akakitoa katika Kiajemi na kukiweka katika Kiarabu. Mwaka 1976 mtaalamu David Pingree alichapisha maandishi hayo ya Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Wakati wa makhalifa wa Abbasi, elimu hii ilipata waandishi wakubwa. Masha'allah, Myahudi wa Basra, alikuwa miongoni mwa wanajimu walioshauriwa juu ya saa ya kuanza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762. Baada yake alikuja Sahl ibn Bishr, aliyeandika katika karne ya 9 vitabu vifupi vya utangulizi na vya hukumu za maswali. Abu Ma'shar, aliyefariki mwaka 886, aliandika utangulizi mkubwa wa elimu yote ya nyota.

Karne ya 12 ilipofika, vitabu hivyo vilikuwa vikisomwa Hispania. Huko walikutana Waislamu, Wayahudi na Wakristo, na watu wenye kiu ya elimu walitoka nchi mbalimbali za Ulaya kwenda kuvitafuta. Waandishi wa vitabu hivyo walipewa hata majina mapya: Masha'allah akawa Messahala, Sahl akawa Zahel, Abu Ma'shar akawa Albumasar. Guido Bonatti wa Forlì, mnajimu mashuhuri wa Italia katika karne ya 13, aliandika kitabu kikubwa kwa kutegemea tafsiri hizo za Kilatini. Vitabu vya Zahel vilipigwa chapa Venice mwaka 1493. Katika Uingereza, William Lilly alieneza elimu ya maswali kwa Kiingereza mwaka 1647.

Hivyo msomaji wa Lilly alikuwa anapokea maneno yaliyopita mikono mitano au sita. Kila mkono uliamua neno lipi lipite na maana yake, na lipi lipite peke yake.

4. Wafasiri wawili, njia mbili

Utangulizi mkubwa wa Abu Ma'shar ulitafsiriwa katika Kilatini mara mbili katika muda mfupi. John wa Seville aliutafsiri mwaka 1133, na Hermann wa Carinthia akautafsiri tena mwaka 1140. John alifuata Kiarabu hatua kwa hatua, karibu neno kwa neno, hata Kilatini chake kikawa kizito. Hermann alifupisha, akaondoa alichokiona kuwa ni maneno mengi, na akaandika Kilatini cha ufasaha.

Mwalimu atazitambua njia hizi mbili mara moja, maana ndizo njia mbili za kufundisha. Yupo mwalimu anayesoma kitabu cha kiada sentensi kwa sentensi, asiache nukta, naye darasa halielewi. Yupo pia anayekieleza kitabu kwa maneno matamu na mepesi, naye darasa linafurahi, lakini mambo muhimu yameachwa nje bila mwanafunzi kujua kuwa yameachwa. Njia ya kwanza humlinda mwandishi na kumsahau msomaji. Njia ya pili humjali msomaji na kumdhulumu mwandishi. Mfasiri mwema na mwalimu mwema hutafuta kuwatendea haki wote wawili.

Kulikuwa na njia ya tatu iliyokuwa nyepesi kuliko zote, nayo ilikuwa kuliacha neno lilivyo. Tuchukue mfano mmoja. Wagiriki walikuwa na istilahi iliyokuwa na maana ya mwenye nyumba, wakiitumia kwa sayari yenye mamlaka katika mchoro wa kuzaliwa kwa mtu. Waajemi waliitafsiri vizuri kwa neno lao kadkhuda, ambalo nalo lina maana ya bwana wa nyumba. Waarabu walilichukua neno la Kiajemi kwa sauti tu. Walatini nao wakaichukua sauti ya Kiarabu, wakaandika alcochoden. Wazo ambalo hata mtoto angelielewa, mwenye nyumba, liligeuka kuwa fumbo. Mwanafunzi wa Kilatini alikariri alcochoden kwa miaka mingi bila kujua kuwa ndani yake mna nyumba na mna mwenyewe.

5. Maneno jamaa yanayopotosha

Mswahili anayetaka kusoma istilahi za vitabu hivi ana bahati na ana mtego. Bahati yake ni kwamba maneno mengi ya Kiarabu yanasikika kuwa ya kwao. Mtego wake ni huo huo. Tutazame maneno sita.

(a) Masa'il. Jamaa yake katika Kiswahili ni masuala. Lakini masuala kwetu ni mambo yanayojadiliwa, kama masuala ya uchumi. Katika vitabu hivi masa'il ni maswali yanayoulizwa na mtu mmoja mmoja. Tafsiri sahihi ni maswali.

(b) Dalil. Jamaa yake ni dalili, yaani ishara, kama dalili ya mvua au ya ugonjwa. Katika vitabu hivi dalil ni sayari inayosimama badala ya mtu au kitu. Walatini waliiita significator. Sisi yatupasa tuseme sayari mwakilishi.

(c) Qabul. Jamaa yake ni kubali. Lakini hapa haina maana ya kuafiki shauri. Ina maana ya sayari kuipokea sayari nyingine iliyoingia nyumbani kwake, kama mwenyeji anavyompokea mgeni. Walatini walisema receptio, yaani kupokea.

(d) Ittisal. Jamaa zake ni wasili na mawasiliano. Hapa ina maana ya sayari kuungana na nyingine, au kuikaribia kwa kuelekea kuungana nayo. Sayari haijafika popote, imeshikamana.

(e) Nazar. Jamaa zake ni nadhari, mandhari na nadharia. Asili yake ni kutazama, na Walatini walisema aspectus, yaani utazamo. Wanajimu walisema kuwa sayari zilizoachana kwa nyuzi 60, 90, 120 au 180 hutazamana.

(f) Naql. Jamaa zake ni nakili na nakala. Asili yake ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali, na Walatini walisema translatio. Hapa kuna jambo la kutafakari. Katika unajimu wa maswali, naql ni kuhamisha nuru. Sayari mbili zisipoweza kukutana zenyewe, sayari ya tatu iendayo kasi, mara nyingi mwezi, huachana na ya kwanza ikiwa imechukua nuru yake, ikaifikisha kwa ya pili, na jambo likatimia kwa mkono wa mtu wa kati. Naql ni neno pia la kuhamisha maandiko kutoka lugha moja hadi nyingine, na vivyo hivyo translatio ya Kilatini. Sisi Waswahili tulilipokea neno hilo tukalipa maana ya kuandika upya yale yale yaliyoandikwa.

Sasa tuone mtego huu unavyofanya kazi katika sentensi nzima. Sentensi ifuatayo tumeitunga wenyewe kwa kufuata kanuni za elimu hiyo. Mfasiri mwenye haraka, anayefuata maneno jamaa, angeandika hivi:

Mwezi ukinakili nuru ya dalili ya msaili, ukawasili kwa dalili ya kilichosailiwa, nayo ikaukubali, jambo litatimia.

Kila neno ni la Kiswahili, na sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo msomaji hataelewa kitu. Ataona mwezi ukiandika nakala ya nuru, kisha ukisafiri na kufika mahali, kisha dalili ikiafiki jambo fulani. Tuiandike upya kwa kutafuta maana:

Mwezi ukiachana na sayari inayomwakilisha muulizaji, ukachukua nuru yake na kuifikisha kwa sayari inayokiwakilisha kitu kilichoulizwa, na sayari hiyo ya pili ikaupokea mwezi uliomo katika nyumba yake, basi jambo litatimia kwa mkono wa mtu wa kati.

Sentensi ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, na hiyo ndiyo gharama ya maana. Mwalimu asiione gharama hiyo kuwa hasara. Dakika tano zilizotumika kueleza neno moja ni faida kuliko kipindi kizima cha maneno ishirini yasiyoeleweka.

Kutokana na mfano huu twaweza kutoa hatua nne za kufuata kila tunapokutana na istilahi:

(i) Uliza neno hili lilikuwa likitaja kitu gani au tendo gani katika kazi ya watu walioanza kulitumia.

(ii) Uliza neno la Kiswahili linalofanana nalo linataja nini leo. Kama ni tofauti, kaa chonjo.

(iii) Eleza kwa sentensi kamili kabla ya kutoa neno moja.

(iv) Ukisha kutoa neno, litumie vile vile mpaka mwisho. Neno bayt la Kiarabu na domus la Kilatini, yote yenye maana ya nyumba, yalitumika kwa sehemu ya mchoro na pia kwa kundi la nyota ambalo sayari ilihesabiwa kuwa bwana wake. Neno moja kwa vitu viwili liliwasumbua wasomaji kwa karne nyingi.

Twongeze kwamba pakiwa na shaka, dawa ni kurudi kwenye asili. Mfasiri Benjamin Dykes wa Marekani alitoa kwa Kiingereza kazi za Sahl na Masha'allah mwaka 2008, akitumia maandishi ya Kilatini. Mwaka 2019 alimtoa Sahl upya, safari hii akitafsiri kutoka Kiarabu chenyewe. Mwalimu naye, asiporidhika na maelezo ya kitabu cha kiada, na akitazame kitu chenyewe: mbegu, pembe, mvuke, ramani.

6. Kuyapeleka mafunzo haya darasani

Tunapendekeza vipindi viwili vya dakika 40 kwa Darasa la VI, chini ya kichwa: Maneno Yaliyosafiri.

Lengo: Mwishoni mwa vipindi hivi mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake maana ya sifuri, dakika, sekunde na saratani, na kuyatumia maneno hayo katika jambo ambalo hakufundishwa.

Zana: Ubao, kadi za karatasi ngumu, kopo tupu, picha ya kaa au kaa mwenyewe kwa shule za pwani.

Kipindi cha kwanza: Zoezi la mjumbe. Mwalimu achague wanafunzi watatu. Wa kwanza akae mbele, wa tatu akae nyuma akiwa amegeukia ukuta, na wa pili awe mjumbe. Katika mzunguko wa kwanza, kadi ya mwanafunzi wa kwanza iwe na neno moja tu, mcheduara, ikiwa darasa halijafundishwa neno hilo. Mjumbe alisome, aende kulitamka kwa mwanafunzi wa tatu, naye atakiwe kuchora. Hataweza. Katika mzunguko wa pili, mjumbe aonyeshwe kopo, kisha aende kulieleza bila kulitaja: umbo lililo refu, lenye duara mbili zilizo sawa, moja juu na moja chini, na ubavu uliozunguka. Sasa mwanafunzi wa tatu atachora, na mchoro wake utakaribia ukweli. Ndipo mwalimu aliandike neno mcheduara ubaoni. Aliulize darasa mjumbe alibeba nini mara ya kwanza, na alibeba nini mara ya pili.

Ilielezwa kuwa huko Toledo, katika karne ya 12, kitabu cha falsafa cha Ibn Sina kilitafsiriwa na watu wawili. Mmoja alikisoma Kiarabu na kukitamka katika lugha ya mtaani, na mwenzake Dominicus akaandika kwa Kilatini. Kazi ya jozi siyo jambo geni katika elimu.

Kipindi cha pili: Maneno manne.

Sifuri. Wahindi waliita alama hii kwa neno lenye maana ya tupu. Waarabu walilitafsiri kwa neno lao sifr, ambalo nalo lina maana ya tupu. Walatini waliichukua sauti tu. Leonardo wa Pisa, katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1202, aliandika zephirum, na humo ndimo lilimotoka neno zero. Sisi nasi tuliichukua sauti tukasema sifuri. Utupu ulibaki nyuma, na ni juu ya mwalimu kuurudisha. Aandike 305, kisha afute sifuri na kusogeza tarakimu zibaki 35. Wanafunzi wataona kuwa sifuri hutunza chumba kitupu cha makumi, ili mamia yasihame mahali pake.

Dakika na sekunde. Neno la Kiarabu daqiqa lina maana ya kitu chembamba au kidogo. Walatini waliitafsiri maana hiyo, wakasema minuta. Kipande hicho kidogo kilipogawanywa tena, wakakiita cha pili, secunda. Kiswahili kilichukua jina la kwanza kwa Waarabu na la pili kwa lugha za Ulaya, kwa hiyo uhusiano wa maneno hayo mawili haukuonekana tena. Mwalimu aueleze: saa imegawanywa vipande 60 vidogo, ndizo dakika, kila kipande kimegawanywa mara ya pili kwa 60, ndizo sekunde. Kisha aulize: Tukigawa mara ya tatu kwa 60, kipande hicho kingefaa kuitwa jina gani? Jibu la mwanafunzi ndilo litakaloonyesha kama ameelewa.

Saratani. Kwa Kiarabu saratan ni kaa, na ni jina pia la kundi la nyota na la ugonjwa. Kwa Kilatini cancer ina maana hizo hizo tatu, na lugha zote mbili zilifuata mfano wa Wagiriki. Kiswahili kilipokea jina la ugonjwa na jina la buruji, lakini kaa akabaki kaa. Mwalimu aonyeshe picha ya kaa na miguu yake iliyotanda, aeleze kuwa waganga wa kale waliona uvimbe na mishipa iliyotanda pande zote wakafananisha. Neno lililokuwa la kutisha tu sasa lina umbo.

Tathmini: Usimwulize mwanafunzi, "Sifuri ni nini?" Atakujibu kwa maneno yako mwenyewe. Mpe jambo jipya la kufanya. Jibu la kukariri ni nakala, na nakala haionyeshi kama nuru imefika.

7. Kueleza elimu tusiyoiamini

Mwalimu mwanafunzi anaweza kuuliza: Kwa nini mtu mwenye akili ajitaabishe kutafsiri vitabu vya unajimu? Jibu letu ni kwamba mfasiri hatoi ushahidi kuwa kitabu ni cha kweli. Anatoa ushahidi kuwa kitabu kimesema hivi. Akianza kurekebisha maneno ya mwandishi ili yafanane na imani yake, msomaji hatajua tena watu wa kale waliwaza nini, wala hataweza kuwapinga kwa haki.

Hata katika zama hizo wapinzani walikuwapo. Ibn Sina aliandika risala ya kuzikanusha hukumu za nyota. Dante, mshairi wa Italia, alimweka Guido Bonatti katika jehanamu ya utenzi wake miongoni mwa watabiri. Al-Biruni, aliyeandika kitabu chake Tafhim mwaka 1029 kwa ajili ya mwanamke aitwaye Rayhana, alianza na jiometri, akafuata na hesabu, kisha mwendo wa anga, na mwishoni kabisa ndipo akaeleza unajimu. Aliandika kwa maswali na majibu, zaidi ya vipengele 500. Jina lenyewe la kitabu lina maana ya kufahamisha, nalo ni ndugu wa neno letu fahamu. Mpangilio wake unafaa kuigwa na kila mtunga azimio la kazi: kinachopimika kitangulie, kinachobishaniwa kifuate, na mpaka baina yao uonekane.

Mpaka huo unahitaji uangalifu wa lugha. Kitabu cha Bonatti kiliitwa kwa Kilatini kitabu cha astronomia, ingawa kilihusu hukumu za nyota. Kwetu pia, falaki ni jina la elimu ya anga, lakini kupiga falaki ni kutabiri. Mtoto anayesikia majina Hamali, Asadi na Mizani katika utabiri wa nyota, kisha akasikia Zuhura na Mirihi katika somo la sayansi, atachanganya mambo mawili asipoelezwa. Mwalimu asimdhihaki mzazi wake wala mzee wa mtaa. Amweleze wazi kuwa mahali pa Zuhura angani paweza kukokotolewa, na jioni watoto wakatoka nje kuhakikisha. Madai kuwa Zuhura huamua nani ataolewa hayajathibitika kwa njia yoyote ya kupima.

8. Hitimisho

Wafasiri wa Hispania walifanya kazi kubwa kwa zana haba, na mengi ya makosa yao ni makosa tunayoyafanya kila siku ubaoni: kuliacha neno bila maana, kulifuata neno jamaa bila kuuliza, kupunguza bila kusema kuwa tumepunguza. Kunakili kutoka kitabuni hadi ubaoni, na kutoka ubaoni hadi daftarini, ni kazi rahisi. Chaki na kalamu vinatosha. Kuhamisha nuru kunataka mtu wa kati aliyeikaribia elimu hadi akaipata, kisha akamkaribia mtoto hadi akaifikisha. Mtu huyo ndiye mwalimu.

Maswali ya kujadiliwa

1. Chagua istilahi tano za somo la Sayansi la Darasa la V. Kwa kila moja, eleza kama ilikuja kwa maana au kwa sauti tu.

2. Linganisha njia ya John wa Seville na ya Hermann wa Carinthia. Kwa somo la Historia ungependelea ipi, na kwa somo la Hisabati ipi? Toa sababu.

3. Andaa zoezi la mjumbe kwa neno moja la Jiografia. Onyesha kadi ya mzunguko wa kwanza na maelezo ya mzunguko wa pili.

4. Mwanafunzi anakuambia kuwa nyumbani kwao huamini utabiri wa nyota. Utamjibuje bila kumvunjia heshima na bila kuficha ukweli?